Kuongoza taasisi za muziki: kazi inayoanzia kwenye daftari la mhazini

Vijana wanaokuja kwenye mafunzo yetu ya uongozi wa sanaa huuliza karibu wote swali moja: ukitaka kuja kuwa mkurugenzi wa okestra, wa ukumbi wa maonyesho au wa baraza la muziki, usomee nini? Wanasubiri nitaje chuo. Mimi huwauliza: kwaya yenu ikifanya onyesho moja, inatumia fedha kiasi gani, na tiketi zinarudisha kiasi gani? Hapo darasa hunyamaza, na hapo ndipo tunapoanzia.

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza jambo ambalo kila mwenye bendi alikuwa akiliona bila kulipa jina. Chukua muziki uliotungwa miaka mia mbili iliyopita kwa fidla mbili, viola na selo. Leo unahitaji watu walewale wanne na dakika zilezile. Katika miaka hiyohiyo mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha nguo amefikia kutengeneza vitambaa mara nyingi zaidi ya babu yake. Mshahara wa kiwandani hupanda kwa kuwa kazi inayotoka kwa saa moja imeongezeka. Mshahara wa mpiga selo nao hauna budi kupanda, la sivyo atakwenda kiwandani, ila kazi inayotoka kwa saa yake moja iko palepale. Huwezi kumwambia apige haraka mara mbili ili kubana matumizi. Matokeo yake, pengo kati ya gharama na fedha za mlangoni huelekea kupanuka hata pale ambapo hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Wachumi wameliita jambo hili ugonjwa wa gharama.

Ukishaelewa pengo hilo, orodha ndefu ya vyeo inaanza kueleweka: meneja, mtafuta fedha, mpangaji wa ratiba, mwanasheria wa hakimiliki, ofisa wa wizara. Kila mmoja analishika pengo lilelile kwa upande wake.

Tulitazame kwa karibu. Ni asubuhi, okestra iko mazoezini. Mkataba unasema mazoezi yachukue muda wa saa tatu, mapumziko yakiwa ndani yake. Zimebaki dakika nne. Mwongozaji anataka kurudia ukurasa wa mwisho kwa sababu wapiga tarumbeta wamechelewa kuingia mara mbili. Jukwaani wapo watu themanini. Karibu na mlango amesimama mtu asiyeshika ala yoyote, macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Huyo ndiye meneja wa wanamuziki. Dakika hizo nne zikiisha, malipo ya muda wa ziada yanaanza, na mikataba mingi haiyahesabu kwa dakika mojamoja bali kwa vipande, tuseme robo saa. Robo saa kwa watu themanini ni saa ishirini za kazi, zote kwa bei ya ziada. Je, tarumbeta zilizochelewa zina thamani hiyo? Siku nyingine zinayo. Mtu huyu anatakiwa asome nota kiasi cha kuelewa mwongozaji anahangaika na nini, na asome bajeti kiasi cha kujua fedha hizo zitakatwa kwenye fungu gani. Kwa maoni yangu, mwaka mmoja pale mlangoni unafundisha kuliko miwili ya kukaa karibu na ofisi ya mkurugenzi.

Ndiyo maana njia za kufika juu hazifanani. Zarin Mehta alisomea uhasibu na kuufanyia kazi miaka mingi kabla ya kuendesha okestra ya Montreal, kisha tamasha la Ravinia, kisha okestra ya New York Philharmonic kuanzia mwaka 2000. Deborah Borda alianza kama mpiga viola. Alipochukua uongozi wa okestra ya Los Angeles Philharmonic, mwaka huohuo wa 2000, alikuta ukumbi mpya ambao ujenzi wake ulikuwa umesuasua miaka mingi. Ulifunguliwa mwaka 2003, na baadaye akamleta Gustavo Dudamel, kijana kutoka Venezuela, kuwa mwongozaji mkuu. Mmoja alitoka kwenye vitabu vya hesabu, mwingine kwenye safu ya nyuzi, na wote wawili walilazimika kujifunza ile nusu ambayo hawakuwa nayo. Mwanamuziki anayedharau hesabu hukwama mapema, na mhasibu asiyewahi kukaa mazoezini hukwama pia, ila yeye huchelewa kugundua.

Zipo okestra ambazo wanamuziki wenyewe ndio wenye sauti ya mwisho. Ya Vienna inajiendesha tangu 1842, na ile ya Berlin, iliyoanzishwa na wanamuziki mwaka 1882, humchagua mwongozaji mkuu kwa kura za wapigaji. Kwingineko mkurugenzi mtendaji huajiriwa na bodi ya watu ambao wengi wao si wanamuziki: wafanyabiashara, wanasheria, wafadhili. Kusema nao ni kazi ya kila siku, na ndiko vitu vinakoharibikia.

Okestra ya Minnesota, huko Marekani, ni mfano ninaoutumia kila muhula. Mkataba wa wanamuziki ulipoisha bila makubaliano mapya mwaka 2012, uongozi uliwafungia nje. Ulikuwa umetaka mshahara wa msingi upunguzwe kwa karibu theluthi. Wakati huohuo ukumbi wao ulikuwa ukikarabatiwa kwa dola milioni 50. Mpita njia angeuliza: mnakosaje mishahara wakati mna mamilioni ya kupamba jengo? Mtu wa ofisini angejibu kwamba fedha za jengo zilichangwa kwa ajili ya jengo, na mfadhili aliyetoa kwa ajili ya ukumbi hajatoa kwa ajili ya mishahara. Jibu hilo ni sahihi kisheria, lakini mwanamuziki aliyekaa zaidi ya mwaka bila kupiga hatulizwi nalo. Mwongozaji wao Osmo Vänskä alijiuzulu Oktoba 2013. Suluhu ilipatikana Januari 2014, naye akarudi mwaka huohuo. Huwaambia wanafunzi wangu wasitafute mwema na mbaya katika kisa hiki. Watafute siku ambayo mtu angeweza kuwaeleza wanamuziki fedha zenye masharti ni nini, kabla hawajaanza kuziona kwa macho ya hasira.

Upande wa pili wa fani hii hauna jukwaa kabisa. Mwaka 1847, katika mkahawa wa Ambassadeurs jijini Paris, watunzi watatu, Ernest Bourget, Paul Henrion na Victor Parizot, walikunywa, wakasikia kazi zao zikipigwa, kisha wakakataa kulipa vinywaji. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwenye mkahawa anatumia nyimbo zetu bure, nasi tumekunywa vinywaji vyake bure. Mahakama iliwapa haki watunzi, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, shirika la kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumiwa, ambalo lipo hadi leo. Mashirika ya aina hiyo yalipoongezeka, yaliunda umoja wao, CISAC, mwaka 1926.

Kazi ndani ya mashirika haya ni ya watu wenye subira na jicho kali. Redio inaleta orodha ya nyimbo zilizopigwa. Mstari mmoja una jina la wimbo lililokosewa herufi mbili, safu ya mtunzi iko wazi, na jina la mwimbaji limeandikwa lile la utani. Mchambuzi ana njia mbili: autafute wimbo huo hadi aupate, au autupe kwenye fungu la kazi zisizojulikana mwenyewe. Anachokitafuta ni namba. Utunzi una namba yake, ISWC, inayoanza na herufi T; rekodi nayo ina yake, ISRC, yenye tarakimu na herufi kumi na mbili. Wimbo mmoja uliorekodiwa na waimbaji watano, kila mmoja kivyake, una ISWC moja na ISRC tano. Wasanii wengi huzichanganya, husajili rekodi wakaacha utunzi, kisha hulalamika kwamba wameibiwa. Wapo walioibiwa kweli, sikatai. Lakini kiongozi wa shirika asiyeweza kueleza tofauti hiyo kwa dakika mbili mbele ya wanachama waliokasirika hatamaliza mkutano wake kwa amani.

Tuje kwenye sera. Hapa mtu huacha kuuliza onyesho hili litalipwaje, akauliza nchi nzima ilipie nini na ruzuku ipitie kwa nani. Uingereza, baada ya vita, iliunda baraza la sanaa mwaka 1946 ili fedha za serikali zigawiwe na chombo kisichopokea amri za waziri katika kila uamuzi. Mchumi John Maynard Keynes ndiye aliyelitengeneza, akafariki mwaka huohuo. Ufaransa ilichukua njia nyingine, ikaunda wizara ya utamaduni mwaka 1959 chini ya André Malraux. Kwa anayetafuta kazi, tofauti hii si ya vitabuni tu. Katika mfumo wa kwanza unaandika maombi yanayosomwa na jopo la wenzako wa fani. Katika wa pili unashughulika na idara ya serikali, na waziri akibadilika, meza yako inaweza kubadilika.

Ofisa wa sera ninayempenda zaidi ni Maurice Fleuret. Alikuwa mhakiki wa muziki magazetini na mwandaaji wa matamasha, kisha mwaka 1981 waziri Jack Lang akampa idara ya muziki na ngoma. Mezani kwake palikuwa na utafiti ulioonyesha kwamba Wafaransa wapatao milioni tano, na kijana mmoja kati ya wawili, walikuwa wanapiga ala ya muziki, wakati shughuli za idara yake ziliwagusa wachache mno kati yao. Wengine wangeandika ripoti. Yeye na wenzake waliwaambia watu watoke na ala zao mitaani, bure, tarehe 21 Juni 1982. Siku hiyo ya muziki sasa huadhimishwa katika nchi zaidi ya 100. Ukiichunguza utaona ilivyoliepuka pengo la Baumol: wapigaji wengi ni watu wa ridhaa, jukwaa ni barabara, na hakuna tiketi. Lakini haimlipi mwanamuziki wa kazi, na wanamuziki wamelisema hilo zaidi ya mara moja.

José Antonio Abreu wa Venezuela alikuwa na akili ya namna nyingine. Alikuwa mchumi na mwanamuziki kwa pamoja. Mwaka 1975 alipata stendi hamsini za nota kwa vijana mia aliowategemea. Kwenye mazoezi ya kwanza, katika gereji, walifika kumi na mmoja. Kutoka hapo ulikua mtandao wa okestra za vijana wa nchi nzima. Ustadi wake wa kisera ulikuwa kwenye mlango aliobisha: kwa sehemu kubwa aliombea fedha kwenye wizara za vijana na za masuala ya jamii, ambako bajeti ni nene, akisema anawalea watoto. Serikali zilibadilika, mradi ukabaki. Wakosoaji wanasema ukaribu huo na serikali ulikuja na bei yake, na hoja yao ina uzito.

Wapo pia wanamuziki wenye majina makubwa waliopewa uwaziri. Gilberto Gil alishika utamaduni Brazil kuanzia 2003 hadi 2008, Susana Baca nchini Peru mwaka 2011, Youssou N'Dour nchini Senegal mwaka 2012. Jina hufungua mlango. Muswada wenyewe haujisomi. Chini ya Gil, Brazil ilianza mwaka 2004 kuvipa ruzuku ndogo vikundi vya utamaduni vilivyokuwa tayari vinafanya kazi mitaani na vijijini, badala ya kujenga kumbi mpya. Wazo zuri sana. Lilikwama wapi? Kwenye risiti. Vikundi vidogo vilitakiwa kutoa hesabu kwa taratibu zilizotungiwa taasisi kubwa, na vingi vilishindwa. Ilichukua hadi mwaka 2014 kupata sheria iliyorahisisha utaratibu huo. Nikiulizwa sera ya utamaduni iko wapi, huonyesha fomu ya marejesho ya fedha.

Ngazi ya kimataifa nitaipitia haraka, maana ajira zake ni chache. Baraza la Kimataifa la Muziki liliundwa mwaka 1949 kwa msukumo wa UNESCO, na tangu 2001 linatetea haki tano za muziki, ya mwisho ikiwa haki ya msanii kutambuliwa na kulipwa kwa haki. UNESCO yenyewe ina pendekezo la mwaka 1980 kuhusu hadhi ya msanii na mkataba wa mwaka 2005 kuhusu uanuwai wa kujieleza kiutamaduni. Mkataba huwabana waliouridhia. Pendekezo hushauri tu. Anayetaka kazi ya sera avisome vyote viwili, kifungu kwa kifungu.

Kwa mtu asiye na chuo wala cheo bado, mahali pa kuanzia papo karibu. Katika mikutano mikuu ya vikundi vingi vya muziki, uenyekiti hugombewa na watatu, na nafasi ya mhazini hubaki wazi hadi mtu abembelezwe. Nyoosha mkono. Omba madaftari ya miaka mitatu, chagua onyesho moja, uandike upande mmoja kila kilicholipwa: ukumbi, spika, nauli, nakala za nota, na zile saa za mwalimu ambazo hakuna aliyewahi kuzilipa. Hizo usiziache, ziwekee bei. Upande wa pili andika kilichoingia. Uje na karatasi hiyo siku ya kwanza ya mafunzo.