"Jina la pili?": nani anaweza kukukatalia nyumba, meza au huduma nchini Kenya

Nilikuwa natafuta nyumba Nairobi, chumba kimoja na sebule. Bango lilikuwa limefungwa getini kwa waya, nikapiga nambari. Msimamizi wa ploti akanijibu vizuri tu: maji yapo, stima ni ya tokeni, dipoziti ya mwezi mmoja. Kisha akauliza, "Jina la pili?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo. "Ngoja nimuulize mwenyewe." Dakika kumi baadaye akanipigia: pole, imechukuliwa. Jioni ile ile rafiki yangu, ambaye jina lake la pili ni la kabila la mkoa mwingine kabisa, alipiga nambari ile ile akaambiwa aje kesho na pesa.

Niliposimulia kazini hakuna aliyeshangaa. "Si nyumba ni yake?" mmoja akasema, akaendelea kukoroga chai.

"Mali ni yangu, nampa nimtakaye"

Ni kweli nusu. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali ya mtu, na hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kumpangisha wa kwanza kubisha hodi. Ila wengi hudhani Katiba inaifunga serikali peke yake, na hapo ndipo wanapojikwaa. Kifungu cha 27(4) kinaikataza Serikali kubagua. Kinachofuata, 27(5), kinamgeukia mtu binafsi: naye asimbague mwenzake kwa sababu zile zile, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka.

Sababu zenyewe zimetajwa: mbari, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au kijamii, rangi, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa. Na orodha haijafungwa, kwa kuwa Katiba yenyewe inaeleza kwamba neno "pamoja na" linalotangulia orodha hiyo halimaanishi "hizi tu".

Juu ya hayo kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa nchi ikiwa bado inaugua vidonda vya uchaguzi wa 2007. Inaufanya ubaguzi wa kabila kuwa kosa la jinai, na inataja mali waziwazi: kumkatalia mwombaji kwa sababu ya kabila lake, au kumpa masharti magumu kuliko ya wengine. Tafsiri yake ya kundi la kikabila ni pana, inabeba rangi, dini na asili ya taifa. Kwa hiyo mwenye ploti anayesema "Wasomali hapana" hawezi kujificha nyuma ya hati yake ya umiliki.

Kwa hiyo kukataa si kosa. Sababu ya kukataa ndiyo inayoweza kuwa kosa.

"Basi siku hizi mwenye nyumba hawezi kukataa mtu"

Anaweza, tena mara nyingi. Huna dipoziti, mshahara wako ni mdogo ukilinganishwa na kodi, uliondoka ulikotoka na deni la miezi mitatu, una mbwa wawili na nyumba ni ghorofa ya nne, unataka kufungua karakana ya kuchomelea vyuma kwenye nyumba ya kuishi: zote hizo ni sababu halali, mradi kila anayekuja anapimwa kwa kipimo hicho hicho. Akimdai mmoja dipoziti ya miezi mitatu na mwenzake wa kabila lake mwezi mmoja, kipimo kimeshapinda.

Kuna wenye nyumba wasiotaka mawakili wala polisi, kwa hofu kwamba siku kodi ikichelewa hawatawaweza. Nikiri kwamba huwa nacheka. Kazi ya mtu haimo kwenye orodha ya Kifungu cha 27. Wakili atakayeona ameonewa atalazimika kuishawishi mahakama kwamba naye aingizwe kwenye sababu zisizotajwa, na bila shaka hiyo ni kesi ambayo ataifurahia.

Lakini "hatupangishi akina mama wasio na waume" si kichekesho. Hali ya ndoa na ujauzito vimeandikwa kwa herufi. Nimesikia sababu inayotolewa: watoto wanapiga kelele, kodi itatoka wapi. Kama shida ni kodi, uliza juu ya kodi. Mjane mwenye mshahara na mume aliyefutwa kazi, ni yupi wa kuogopwa?

"Bango la mlangoni limeshasema"

Lile bango linalosema uongozi una haki ya kuchagua wa kuingia limetundikwa kwenye mabaa na mikahawa mingi mpaka watu wanaliona kama sheria. Si sheria. Linakukumbusha tu kwamba mlevi anayetafuta ugomvi anaweza kutolewa, ukumbi ukijaa umejaa, na pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Hili la mwisho si hiari ya mwenye baa hata kidogo, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inamlazimisha kukataa.

Haliwezi kumfungia mtu mlango kwa ngozi yake. Mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Kichina mtaa wa Kilimani ulivuma kwa kuwazuia Waafrika kuingia jioni, hapa hapa Nairobi. Ghadhabu ilikuwa kubwa, mkahawa ukafungwa. Wengi hukumbuka kisa hicho kama ushindi dhidi ya ubaguzi, lakini kilichouangusha kilikuwa suala la leseni. Mimi huona hilo linaeleza mengi kuhusu pengo lililopo kati ya kilichoandikwa na kinachofuatiliwa.

Dini nayo ina ulinzi wake wa pekee. Kifungu cha 32(3) kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi, kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Na anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuachwa nje ya mahali pa umma kwa sababu ya ulemavu wake tu. Makanga wa matatu wanaojifanya hawakumwona stejini wanafanya jambo ambalo sheria imelikataza.

"Bei imebandikwa, lazima aniuzie"

Hapa mteja ndiye anayekosea. Bidhaa kwenye rafu ni mwaliko tu. Mkataba unapatikana muuzaji akikubali, na anaweza kusema hii imewekwa kando kwa mwingine.

"Hospitali ya binafsi ni biashara kama nyingine"

Kwa miadi ya kawaida, karibu ni hivyo. Kwa dharura, la. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa kituo chenye uwezo wa kuyatoa kisipoyatoa. Mwaka 2015 majeruhi wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulansi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafariki. Anayekuambia "dipoziti kwanza" mgonjwa akiwa anavuja damu hana sheria upande wake.

"Duka nimempa mwenyewe, nikichoka namtoa"

Kama mkataba haujaandikwa, au umeandikwa kwa miaka 5 au pungufu, mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa analindwa na sura ya 301 ya sheria za Kenya. Notisi ni ya miezi isiyopungua 2, kwa fomu maalumu, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria hiyo, kama kodi kucheleweshwa kila mara au mwenye jengo kutaka kulitumia yeye mwenyewe. Mpangaji akipinga, wanakwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Vibanda vya soko la kaunti havimo, kwa kuwa ulinzi huu hauhusu jengo ambalo serikali ni mmoja wa wahusika.

"Hata ukilalamika hakuna kitu"

Kwa ubaguzi wa kabila ipo tume ya uwiano, NCIC. Kwa jinsia, ndoa au ulemavu ipo tume ya jinsia na usawa, NGEC. Mahakama Kuu nayo ipo, na Kifungu cha 22 kinasema hutozwi ada ya kufungua kesi ya haki zako. Ugumu ni ushahidi, kwa kuwa ni nadra mtu akuambie sababu kwa mdomo wake. Anasema "imechukuliwa". Kwa hiyo andika kwa ujumbe badala ya kupiga simu, hifadhi tangazo, na mwombe mwenye jina jingine aulize siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa na orodha ya simu mbili tu, na ujumbe wa rafiki yangu: "Wamesema ipo. Niende?" Nilimwambia asiende, naye akaufuta.