Saa za jeni kwenye bakteria: acheni kuzisubiri zipige pamoja zenyewe

Saa ya jeni ni sakiti, yaani jeni kadhaa zilizounganishwa ziwashane na kuzimana ili seli iwake na kuzima kwa mdundo. Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho vyuoni Mbeya na Iringa, dai ni lilelile: "Bakteria wote wana plasmidi ileile, kwa hiyo watawaka na kuzima pamoja." Hapana. Plasmidi ni pete ndogo ya DNA inayobeba sakiti; kuwa nayo ileile hakuzipangi seli pamoja. Dai hili ndilo linalomaliza agari na uvumilivu wa wasimamizi, basi tuanze nalo.

Represileta ya Michael Elowitz na Stanislas Leibler, iliyochapishwa mwaka 2000, ilikuwa na protini kandamizi tatu zinazozuiana kwa duara: LacI inaizima TetR, TetR inaizima cI, cI inaizima LacI. Mzunguko mmoja ulichukua dakika 160 hivi, lakini seli zilizoonyesha mdundo zilikuwa kama asilimia 40 tu, na hata seli dada zilianza kupishana muda mfupi baada ya kutengana. Ndani ya seli moja nakala za mRNA (ujumbe wa jeni unaosomwa kutengeneza protini) ni chache mno. Moja ikichelewa, mzunguko mzima unasogea. Seli inapogawanyika, protini na plasmidi nazo hazigawanywi sawasawa. Nunua saa mia za ukutani Mwanjelwa, duka moja, siku moja: baada ya mwaka hazitasoma dakika ileile, maana hakuna inayoisikia nyingine.

Bakteria husikizana kwa kemikali, na kemikali hiyo lazima uiweke mwenyewe kwenye sakiti. Mwaka 2010 Tal Danino na wenzake wa maabara ya Jeff Hasty, San Diego, waliweka jeni tatu chini ya promota (swichi ya jeni) ya aina moja: luxI ya Vibrio fischeri, aiiA ya Bacillus thuringiensis (ndiyo, yule wa dawa ya viwavi kwenye maduka ya pembejeo) na GFP, protini inayong'aa kijani, ya kuonyesha. LuxI hutengeneza AHL, molekuli ndogo inayopenya utando hadi kwa jirani. AHL ikishikana na LuxR, protini inayoipokea ndani ya seli, promota inafunguka na AHL inazidi. AiiA, inayozalishwa sambamba, huiharibu AHL mpaka promota inanyamaza. AiiA nayo ikipungua, mambo yanaanza upya. AHL ni ya kundi zima, kwa hiyo seli iliyochelewa huvutwa na zilizotangulia. Mdundo ulikuwa wa dakika 50 hadi 90 hivi, na uliongezeka urefu kadiri mchuzi (maji yenye chakula cha bakteria) ulivyopita kwa kasi.

Huo mchuzi unaopita ndio wanaousahau. Jaribio lilifanyika kwenye kifaa cha mifereji midogo, seli zikiishi kwenye vyumba vya takriban mikromita 100, huku mchuzi mpya ukiondoa AHL ya ziada na seli zinazofurika. Mwanafunzi anachukua sakiti hiyohiyo, anaitia kwenye flaski, anasoma GFP kila nusu saa. Mwanga unapanda mara moja, unaganda, naye anaandika "sakiti imekufa". Sakiti ni nzima, flaski ndiyo iliyojaa! Ukuaji ukisimama, protini hazipunguzwi tena kwa kugawanyika kwa seli. Tena LB, mchuzi wa kawaida wa maabara, inavyozeeka huwa ya alikali, na pH ikipita 7 pete ya AHL hufunguka bila msaada wa AiiA. Kama huna kifaa, tumia bafa (kiyeyusho cha kushikilia pH) ya pH 6.5 hadi 7, na kabla OD (kipimo cha ukungu wa mchuzi, yaani wingi wa seli) haijafika 0.5 hamisha mililita 5 kwenye mililita 45 za mchuzi mpya wenye joto. Utaona kizingiti cha wingi wa seli kikifanya kazi. Mdundo usiuahidi.

Wajanja hujibu kwa represileta iliyoboreshwa na maabara ya Johan Paulsson mwaka 2016, iliyopiga pamoja hata kwenye flaski bila AHL. Ni kweli. Lakini seli zile zilianzishwa pamoja kwa IPTG (kemikali inayoizuia LacI), na sakiti ilikuwa imepunguziwa kelele kiasi kwamba zilichukua vizazi vingi kupishana. Kuanza pamoja na kurekebishana ni mambo mawili.

Mengine kwa ufupi. "GFP inayodumu ndiyo nzuri": kwa saa, hapana. GFP ya kawaida hudumu zaidi ya siku ndani ya E. coli, ikafunika kila mshuko. Yenye mkia wa LAA (alama ya kuifanya ivunjwe haraka), nusu yake hupotea kwa dakika 40 hivi. Ila usiweke mkia kwenye kila kitu, maana ClpXP, kimeng'enya kinachovunja protini zenye mkia huo, inalemewa na protini zinapanga foleni.

"Joto la chumba linatosha": Mbeya ya Juni? Weka nyuzi 37, kisha pima ndani ya inkubeta kila umeme unaporudi, maana joto likishuka mdundo hurefuka.

"K-12 haina madhara, mwaga tu kwenye sinki": aina hii ya E. coli ya maabara ikishabeba sakiti ni kiumbe kilichobadilishwa jeni, na Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za 2009 zinaihusu. Iue kwanza.

Na hapo linakuja dai la mwisho, la otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu): "pauni 15 kwa dakika 15", yaani pauni kwa inchi ya mraba. Hiyo ni hesabu ya Dar es Salaam, usawa wa bahari. Kwenye mita 1,700 za Mbeya, otoklevu ikisoma pauni 15 ndani yake ni nyuzi 118 hivi, na kasi ya kuua vijidudu hupungua kama nusu. Ili kupata nyuzi 121 unahitaji karibu pauni 18. Kama valvu yako inafungukia 15, usiilazimishe. Acha dakika 30, ukianza kuhesabu baada ya hewa yote kutoka.