DJ wa harusi anaposema "napiga kila kitu": dhana potofu na ukweli

Ramadhani muziki wa shughuli hunyamaza Unguja na Pemba. Mfunguo mosi ukiingia tu, kumbi zinajaa na simu za ma-DJ hazitulii. Mama wa bi harusi anapiga: "Mwanangu, wewe unapiga muziki gani?" Na jibu, mara nyingi mno, ni lilelile: "Usijali mama, mimi napiga kila kitu." Wote wawili wanakata simu wameridhika, na hakuna aliyejua chochote kuhusu mwenzake. Naipenda kazi hii na nazipenda harusi zetu, kwa hiyo naona vibaya shughuli nzuri ikiharibika kwa mambo ambayo yangeelezwa kwa dakika tano.

"Anayepiga kila kitu ndiye mzoefu"

Siku hizi kuwa na nyimbo zote kwenye laptopu si kazi. Mtindo wa DJ ni namna anavyochagua: wimbo gani, saa gani, auache uende mpaka wapi, na atokeje hapo kwenda kwenye mwingine. Mwenye mtindo anaweza kuueleza: "Wageni wakiingia naweka taarabu asilia, sauti ya chini. Bi harusi akitolewa, wimbo ni ule mliouchagua nyinyi, na nauacha mpaka akae. Rusha roho ni baada ya chakula. Singeli sigusi mpaka wazee waage." Maelezo kama hayo unaweza kuyakubali, kuyakataa au kuyarekebisha. "Kila kitu" huwezi kukirekebisha.

Kubwa kuliko yote ni muda wa wimbo. Wimbo wa taarabu unaweza kuvuka dakika 10. Huanza na ala peke yake, kisha ubeti, kiitikio, ala tena, ndipo ubeti mwingine. DJ aliyelelewa na disko amezoea kukata wimbo kabla haujafika dakika mbili, na kule kweli ndiyo ufundi wenyewe. Sasa mtazame mwanamke aliyekaa meza ya nyuma ukumbini. Anausubiri ubeti wa tatu, kwa sababu ndio wake. Una maneno anayotaka yamfikie mtu fulani aliyekaa meza ya mbele. Ameshaikunja noti yake ya elfu tano, ameinuka, anakuja taratibu kwa madaha, mkono juu, aende kumtunza bi harusi. Yuko katikati ya ukumbi, wimbo unakatwa, inaingia amapiano. Anasimama pale na noti yake. Kisha anarudi kukaa, na wenzake waliokuwa wanajiandaa kumfuata nao hawainuki tena.

DJ akikwambia anaunganisha nyimbo bila kukata, muulize atatokaje kwenye amapiano, yenye mapigo kama 110 hadi 115 kwa dakika, aingie singeli ambayo huvuka 200. Mjuzi atajibu papo hapo: atasimamisha, au atamwachia MC aseme maneno mawili matatu, au atapita kwenye wimbo wa kati. Asiye mjuzi atarudia "usijali".

"Taarabu ni taarabu tu, tena ya wazee"

Kikundi cha taarabu asilia cha Nadi Ikhwan Safaa kilianza mwaka 1905 na kile cha Culture Musical Club mwaka 1958. Muziki wao ni wa ala za udi, kanuni, fidla na akodiani, wa kusikiliza na kutunza. Kidumbak ni kitu kingine: fidla moja, sanduku la besi, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonganisha vijiti, na kazi yake harusini ni kuchezesha watu kiuno mpaka jasho liwatoke. Rusha roho nayo ina kinanda cha umeme, gitaa na mipasho. Bibi akisema anataka taarabu huenda anawaza ya kwanza, mjukuu wake anawaza ya tatu, na DJ akaandika "taarabu" kwenye daftari lake akaona kazi imekwisha. Ataje kila mmoja anachokitaka kwa mfano wa nyimbo mbili tatu, na DJ naye ajibu kwa mifano.

"Asiye na video hana kazi"

Dhana hii inawaonea watu, hasa madada wanaopiga shughuli za kina mama. Katika harusi zetu nyingi upande wa wanawake ni wa wanawake watupu. Mabuibui na mitandio inavuliwa, nywele zimetengenezwa, watu wamejipamba kwa ajili ya wenzao, na simu hazitakiwi kuelekezwa kwenye uso wa mtu. DJ aliyeheshimu hilo miaka yote hana video ya kukuonesha, na kutokuwa nayo ni sifa yake. Akikurushia video ya kina mama wa harusi ya watu wengine wakicheza vichwa wazi, jua na wa kwenu watarushwa hivyohivyo. Bora umwombe sauti: nusu saa ya shughuli aliyoipiga, bila picha. Nusu saa itakuonesha mtu anavyofunga wimbo na kufungua mwingine. Kipande cha sekunde 30 kinaonesha taa.

Jambo linaloambatana na hilo halisemwi kabisa. Karibu kila DJ hujisifu kuwa "anausoma ukumbi". Lakini kama ni mwanamme na familia imekubali apige akiwa nyuma ya pazia au nje ya mlango, atausoma vipi? Haoni nani kainuka, haoni kama bi harusi kashafika kwenye jukwaa au bado anapangwa mlangoni. Hapo mtindo wake wote unategemea dada mmoja atakayekaa ndani na kumpa ishara. Mwanamme anayeijua kazi hii atauliza mwenyewe, kabla hata ya bei: "Nani atakuwa macho yangu ndani?" Na kama familia inataka DJ mwanamke, iseme tangu mwanzo, naye DJ aseme ni yeye mwenyewe atakayekuja au anamtuma kijana wake.

"Wati nyingi, muziki mzuri"

Wati si mtindo, ingawa ndizo zinazotangulia kwenye matangazo mengi. Kutoka wati 1,000 kwenda 2,000 unaongeza desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili watu wasikie sauti kama imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara kumi. Nje, penye uwazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidi mara mbili sauti hushuka karibu desibeli 6. Ndiyo maana harusi ya ufukweni Nungwi au Paje inapendeza kwa spika ndogo kadhaa zilizosogezwa karibu na wageni kuliko mbili kubwa zinazowatoa roho wa mbele huku wa nyuma wanasikia upepo. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lilichotoa mwaka 2022 kwa kumbi na hafla, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Harusini kuna watoto wachanga na bibi zetu. DJ aniambie atawaweka wapi wazee na spika zake zitaangalia upande gani, nitamwelewa zaidi kuliko akinitajia wati.

"Aliyezoea hoteli za kitalii ndiye wa hadhi"

Kazi mbili tofauti. Bwana na bibi harusi kutoka Ulaya wanaooana Kendwa watataka wimbo wao wa kwanza wa kucheza wawili, muziki wa chakula, kisha kucheza usiku. Anayeifanya vizuri hiyo anaweza asijue kwamba ubeti haukatwi. Na aliyebobea harusi za Wete, Pemba, anaweza asijue wimbo wa wawili huishia wapi. Hakuna aliye juu ya mwenzake.

"DJ anayekataa nyimbo ni jeuri"

Anayekwambia mapema "matusi sipigi mbele ya wazee" au "mipasho ya kumlenga mtu kwa jina siiweki" amekuheshimu. Ni rahisi kukubaliana juu ya hilo wiki tatu kabla kuliko saa nne ya usiku, maiki mkononi.

Mwulize pia kuhusu adhana. Isha kwetu huingia kati ya saa moja na saa mbili usiku, na shughuli nyingi za jioni hukutana nayo. DJ mzuri hasubiri kuisikia ndipo arukie kitufe. Anapanga wimbo wake wa mwisho uishe wenyewe dakika chache kabla, wapambe wanapata nafasi ya kumtengeneza bi harusi, maji yanapitishwa, na muziki ukirudi unaanza na ala, kutoka mwanzo.