Shimo la mchanga halikai pale lilipochimbwa

Kila masika malalamiko ni yale yale kutoka mitaa iliyo kando ya mito Tegeta, Mbezi na Msimbazi jijini Dar es Salaam: nyumba imebaki ukingoni, msingi wa daraja uko wazi. Tukiuliza habari za mchanga unaochimbwa mtoni, wachimbaji hutujibu kuwa hauishi, mvua italeta mwingine.

Si kweli. Mchanga ule ndio sakafu ya mto. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, mzigo yanaoweza kubeba huongezeka zaidi sana ya mara mbili, ndiyo maana mvua ya usiku mmoja hufanya kazi ambayo maji ya kiangazi hayaiwezi kwa miezi. Kokoto hubingirika, mchanga hurukaruka, tope huelea hadi maji yatulie.

Sasa chimba shimo katikati. Maji yanaporomokea humo, mdomo wa juu wa shimo unakatika kama ngazi, na ngazi hiyo inapanda kuelekea chanzo cha mto, mafuriko baada ya mafuriko, mpaka ifike darajani. Upande wa chini, maji yaliyotua mzigo wake shimoni yanatoka mepesi, yana nguvu ya kuchukua mwingine, na yanauchukua kwenye kingo. Anayebomokewa anaweza kuwa mbali kabisa na lori lilipopakia.

Wapo wachimbaji wanaodai wanausaidia mto upate kina. Hapana! Kule Jangwani, eneo la jiji lililo upande wa chini wa mto, bonde ni tambarare, Msimbazi unapunguza mwendo na kulaza mzigo uliotoka juu. Kingo zinazoporomoka huko juu kwa sababu ya mashimo ndizo zinazokuja kuujaza mto Jangwani.

Utaratibu upo. Mchanga wa ujenzi ni madini kisheria. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini, kwa Mtanzania, kwa miaka 7, na huweza kuhuishwa. Leseni hiyo peke yake haitoshi: Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu lazima ihusishwe, na taratibu za mazingira zifuatwe kupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si kibali, hata ikiwa na muhuri.

Unapotupa taarifa za uchimbaji, tafadhali taja kama wanachimba upande maji yanakotoka au yanakoelekea kutoka darajani, na umbali wa kukadiria. Kwa hilo tunajua pa kuanza kukagua.