Kazi ya kikundi vyuoni: mchango wa kila mmoja uonekane

Mhadhiri anapowapa wanafunzi watano mradi mmoja hakusudii kujipunguzia ripoti za kusahihisha, ingawa nafuu hiyo nayo ipo. Anataka waifanye kazi ambayo mmoja wao asingeimaliza kwa muhula. Tuchukue mradi wa kaushio la jua la maembe: yuko anayejua kuchomelea, yuko anayeweza kukokotoa mzunguko wa hewa, na yuko aliyekulia shambani, ambaye atauliza mvua ikija ghafla trei zitakimbiziwa wapi. Somo hukaa katika kubishana huko, kwa kuwa mtu huuona udhaifu wa hoja yake anapolazimika kumweleza asiyeikubali.

Lalamiko kubwa ni kutegea, nako hakukuanza na vijana wa leo. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha vipimo vya watu waliovuta kamba: kadiri walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa pamoja. Hata hivyo, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1974, washiriki walifungwa macho wakaaminishwa kwamba wenzao wanavuta nyuma yao, ilhali kila mmoja alivuta peke yake, na bado walilegeza. Majaribio ya baadaye ya kupaza sauti yalionyesha kwamba mtu akiamini sauti yake inapimwa peke yake, ulegevu hutoweka. Kwa hiyo kuwahubiria wanafunzi juu ya uvivu husaidia kidogo kuliko kuweka daftari la kikundi linaloonyesha kila wiki nani kafanya nini. Kupeana alama kwa siri kunafaa pia, ila kusibebe uzito mkubwa, maana marafiki hulindana.

Tatizo linalonisumbua zaidi halilalamikiwi na yeyote, kwa sababu kila mmoja huwa ametimiza zamu yake. Wanagawana sura, kisha wanaziunganisha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Sura ya pili inataja trei nne, ya nne inataja sita. Siku ya kuwasilisha, aliyeandika utangulizi anaulizwa kwa nini tundu la kutolea hewa limewekwa juu, naye anamtazama mchomeleaji. Dawa yake ni wanafunzi kuelezwa tangu wiki ya kwanza kwamba mjibuji wa kila swali atapatikana kwa kura ya bahati nasibu, na kwamba alama za jibu lake ni za kikundi kizima.