Ndoo ya sokoni inajazwa na nani?

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa Arusha, tarehe 16 Machi 2020. Muda si mrefu ndoo za kunawia mikono zenye koki zikatapakaa hadi huku Moshi. Sisi maafisa afya tunapenda kuhesabu ndoo zilizogawiwa, maana ripoti inapendeza. Mimi swali langu ni moja: zinajazwa na nani?

Ndoo ya getini isiyo na mwenyewe, ikifika saa sita ni kavu na sabuni imeshaondoka. (Inayoibwa ni sabuni ya kipande; ile ya maji, kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, haina mwizi.) Iliyo mbele ya banda la mama lishe haikauki. Maji anayo, na wateja wake hawali bila kunawa. Kwa hiyo wachuuzi waulizwe mapema: ikae wapi, na maji yakiisha nani analeta?

Mtihani mkubwa ulikuwa kata ya mbege, yaani kibuyu cha kunywea pombe yetu ya ndizi. Huku kwetu kata moja inazunguka watu wote, na ukiikataa umemkataa mwenzako. Bango la kukataza lingechekwa tu. Kwenye kilabu kimoja upande wa Kibosho wazee walikaa wakaamua wenyewe: kata ibaki kwa mzee anayefungua kinywaji, wengine kila mtu aje na kikombe chake. Mimi nisingethubutu kulipendekeza hilo.

Afrika Magharibi somo hili la kuwauliza watu kwanza liligharimu maisha. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana, lakini timu zilipouchukua bila kuzungumza na ndugu, watu walificha wagonjwa na kuzika kwa siri. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na taasisi za dini, wafiwa wakapewa nafasi ya kuomba na kuaga.

Chanjo ya Korona ilipoanza kutolewa Julai 2021, maswali mengi ya mtaani yalimwangukia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule yule anayefuatilia wajawazito na watoto. Posho yake mara nyingi inategemea mradi. Mradi ukiisha, naye basi. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya halmashauri, ningeanza na nauli yake, vocha, na mabuti ya mvua, maana huko juu mlimani masika ni matope matupu.