Pikipiki ya Majini Inapovuja: Uliza Kwanza Maji Yaliingia Lini

Mtu akiniletea pikipiki ya majini na kuniambia kwamba imetoboka, huwa siinami kutafuta tundu. Humuuliza kwanza maji yaliingia lini: chombo kikiwa kimefungwa na injini imezimwa, kikiwa mbioni, au baada ya kuoshwa kwa mpira juu ya trela. Wengi hulishangaa swali hilo, kwa kuwa wamekuja na hofu ya ufa, lakini jibu lake hunipunguzia nusu ya kazi kabla sijafungua kiti. Katika uzoefu wangu ganda lenyewe huwa na hatia mara chache. Maji mengi hupitia mahali ambapo mtengenezaji mwenyewe alitoboa kwa makusudi ili kupitisha shafti inayozungusha pampu ya kusukuma chombo, nyaya za usukani, bomba la moshi, mipira ya kupozea injini na vizibo vya kutolea maji.

Kama chombo kilijaa kikiwa kimetulia, huanza na vizibo vya tezini, yaani nyuma ya chombo, ambavyo kwa kawaida ni viwili na ambavyo wajenzi wa majahazi wangeviita nguruzi. Kila kizibo hutegemea oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji, na oringi iliyokauka au iliyolaliwa na punje moja ya mchanga haizibi kitu hata ukaze kwa nguvu zako zote. Niliwahi kupokea chombo ambacho mwenyewe alikuwa amekipaka silikoni kuzunguka maungio yote ya ganda na sitaha, kazi ya siku nzima, na bado kikawa kinajaa. Nilipofungua kizibo cha kulia na kupitisha ukucha juu ya oringi yake, nilikuta mkato mwembamba kama unywele, na ndani ya mkato huo kumekwama kipande cha gamba la chaza. Njia ndogo kama hiyo isidharauliwe: tundu la kipenyo cha milimita 6 lililo sentimita 20 chini ya usawa wa maji hupitisha takriban lita 2 kwa dakika, yaani zaidi ya kilo 100 kwa saa, uzito wa abiria mnene ambaye hukumwalika.

Chanzo cha pili cha maji ya chombo kilichotulia ni mfumo uleule uliowekwa ili kuyatoa. Katika miundo mingi kuna mipira myembamba inayounganisha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika, na mdomo wa pampu ya jeti. Chombo kinapokwenda, maji yanayopita kwa kasi pale mdomoni hushusha kanieneo na kuyafyonza maji ya ngama bila kuhitaji mota yoyote. Chombo kikisimama, mpira huohuo unaweza kuyarudisha maji ndani, na ndiyo maana hupandishwa juu ya usawa wa maji kama upinde, kisha hutobolewa kitundu kidogo kileleni ili hewa iingie na kuukata mkondo. Chumvi na tope hukiziba kitundu hicho. Binadamu naye hukiziba: nilikuta kimoja kimezungushiwa utepe wa mafundi umeme, kwa unadhifu wa kupendeza, na mtu aliyedhani amegundua mahali panapovuja.

Ikiwa maji huingia chombo kikiwa mbioni tu, macho yangu huenda kwenye shafti. Katika miundo mingi shafti hupita kwenye ganda kupitia sili ya kaboni: pete ya kaboni iliyoshikiliwa na mpira wenye mikunjo husukumwa dhidi ya pete ya chuma cha pua inayozunguka pamoja na shafti, na nyuso hizo mbili zilizosuguliwa hadi kung'aa ndizo zinazoyazuia maji. Mikunjo ya mpira ndiyo springi yake. Ikichoka au ikipasuka, msukumo hupungua na maji hurushwa pande zote, kama gurudumu la baiskeli lirushavyo maji ya dimbwi. Dalili yake huonekana hata chombo kikiwa kikavu, nayo ni mstari wa vumbi jeusi kwenye kuta za ndani, mkabala kabisa na pete ile. Nikiuona mstari huo, husukuma mpira nyuma na kupapasa uso wa chuma kwa ncha ya kidole. Ukishika hata mchirizi mmoja, pete zote mbili hubadilishwa pamoja, kwa sababu pete mpya ikisuguana na iliyochimbika itaharibika upesi. Mchanga huziumiza pete hizi, lakini kuwasha injini nchi kavu huziumiza zaidi, kwa kuwa sili hupozwa na maji yaliyoizunguka na wala si na maji ya mpira unaopoza injini. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji huweka kikomo cha dakika chache tu cha kuiendesha injini juu ya trela.

Miundo mingine haina kaboni bali beringi iliyofungiwa ndani ya sili za mpira zilizojaa grisi. Hapo dalili ni grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa, na mara nyingi mngurumo wa beringi hutangulia. Maji yakiwa vuguvugu, achana na shafti na ufuate mipira ya kupozea na klipu zake.

Kabla ya jaribio lolote, fungua kiti na uache hewa ipite, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala chini humo humo ngamani. Ukitaka kuwasha injini kwa maji ya mpira, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na wakati wa kumaliza funga maji kwanza ndipo uzime. Ukigeuza utaratibu huo, maji hujaa kwenye bomba la moshi na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi, pistoni ikiyakuta juu yake ni fito ya pistoni itakayopinda.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kuyageuza mambo: badala ya kutafuta maji yanakoingilia, natazama yanakotokea. Hutoa betri, huweka chombo kwenye trela imara, kisha humimina ndani maji yenye rangi ya chakula hadi yaifunike sili ya shafti bila kufika kwenye stata. Lita 40 ni kilo 40, kwa hiyo sijazi kwa pupa. Hukausha ganda lote kwa nje, hulala chini na tochi, na kila tone likitokea hulifuata kwenda juu hadi mahali lilipozaliwa, kwa sababu tone hutambaa mbali kabla ya kudondoka. Jaribio hili halitafichua uso wa kaboni unaovuja ukizunguka tu, lakini nyufa, bolti za ndoano na sili ya pampu hazina pa kujificha.

Ufa wa kweli ukipatikana, mara nyingi uko chini karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa ganda, mahali chombo kinapokokotwa mchangani au kugongwa na rola za trela. Hapo lazima ujue ganda limetengenezwa kwa nini. Sea-Doo Spark, kwa mfano, ina ganda la Polytec, ambalo ni polipropilini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, na epoksi ya kawaida, ile gundi ngumu ya kuchanganya, hubanduka juu yake kama ganda la yai. Plastiki hiyo huchomelewa kwa joto na ufito wa plastiki ya aina yake. Ganda la faibaglasi huparuliwa kwa mteremko mpana, upana wake ukiwa kama mara 12 ya unene, hivyo ganda la milimita 4 huhitaji karibu sentimita 5 kila upande wa ufa. Likauke kabisa, lifutwe kwa asetoni, kisha lipokee tabaka za kitambaa cha kioo na epoksi. Silikoni siitumii chini ya usawa wa maji, na mabaki yake ndiyo yanayonichosha kuliko ufa wenyewe, maana rangi na resini hukataa kushika yalipopita.

Baada ya matengenezo, chombo hufungwa majini nusu saa bila kuwashwa, huku nikiwa nimetandaza karatasi za shashi kavu ngamani. Kisha hukimbizwa, na karatasi mpya hutandazwa. Kikombe kimoja cha maji baada ya saa nzima ya mbio hakinisumbui, kwa kuwa kiti nacho hupitisha matone. Ikiwa ni ndoo, chombo hurudi kwenye trela, nami hurudi kwenye swali langu la kwanza.